Chaja ya Jioni

Siku fundi wangu Atupele alipopata banda lake mwenyewe, hakuniuliza habari za wateja wangu wala za vifaa vilivyobaki rafuni kwangu. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, mimi ninunue chaja ipi?" Nilimjibu bila kufikiri sana, kwa sauti ya mtu anayejua. Jibu lenyewe lilikuwa baya, na ndilo lililonikalisha chini kuandika haya. Naandika kwa ajili ya mafundi wanaojifunza kwake, na wengine wowote wanaoshika betri za magari kati ya Kyela mjini na mpakani Kasumulu. Anayetafuta hapa mtu wa kumwambia kila kitu kwa uhakika atakuwa amekosea mlango. Kuna mambo ya kazi yangu mwenyewe ambayo mpaka leo sijayapanga yakapangika.

Nilianza nilipomaliza kidato cha nne, kwa Bwana Seif, aliyekuwa na duka la vipuri karibu na soko. Wazee wake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kyela, na Kinyakyusa alikizungumza vizuri kuliko baadhi yetu. Alipokasirika tu ndipo aliporudi kwenye Kiswahili cha babu yake, na hapo ungejua umeharibu. Nyuma ya duka kulikuwa na banda la mabati lenye sakafu ya mbao, na ndani yake betri zilizopangwa kama magunia ya mchele, kila moja na alama ya mwenyewe: tone la rangi, kipande cha kitenge, herufi zilizokwanguliwa kwa msumari.

Siku ya kwanza nilivaa shati langu jeupe la kanisani, kwa kuwa niliona nimepata kazi ya dukani. Bwana Seif alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Umekuja kuoa?" akaniuliza.

"Nimekuja kazini, Bwana Seif."

"Basi beba ile."

Nikaibeba betri kifuani kama mtoto. Jioni shati lilikuwa bado jeupe, nikarudi nyumbani nikijisifu. Kesho yake mama alipolifua, kifua chote kilibaki mikononi mwake. Maji ya betri hayachomi nguo mbele yako, yanasubiri sabuni. Mama alilaumu panya, akatafuta paka, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli mpaka paka alipokuwa amekwisha kuzoea nyumba.

Wateja wetu wengi wakati ule hawakuwa na magari. Walikuwa watu wa Njisi na vijiji vya huko, waliofunga betri nyuma ya baiskeli ili waje kuichajia redio, na baadaye televisheni. Mtu anaiacha asubuhi, anaenda sokoni na ndizi zake, anarudi kuichukua. "Ndaga fijo," anashukuru, anaifunga kwa mpira wa tairi na kuondoka taratibu kukwepa mashimo. Magari yalikuwa machache, na wenye nayo walikuja wakiwa wameshayasukuma mpaka jasho limewatoka.

Chaja yetu ilikuwa boksi la chuma la rangi ya kijani, zito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Mbele ilikuwa na kioo chenye mshale, na nyuma tundu la kupozea joto. Haikuwa na akili yoyote. Ndani kulikuwa na transfoma, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, na sahani za kuugeuza umeme uende upande mmoja. Basi. Ikiwashwa ilinguruma. Bwana Seif alinifundisha kusikiliza ule mngurumo kabla hajanifundisha kusoma mshale. Betri ikiwa tupu, chaja hunguruma kwa uzito, kama lori linalopanda mlima wa Tukuyu. Betri inavyojaa, mngurumo unapungua, unakuwa mwembamba. Hapo unaweka kiganja ubavuni mwa betri. Ikiwa na uvuguvugu wa mwili wa mtu, zima. Ikizidi hapo, umechelewa.

Alinifundisha pia jambo jingine, na hili nililishika kuliko yote. Mtu mmoja aliniuliza kama betri yake itamaliza msimu wa mvua, nikamjibu kwamba sijui. Alipoondoka Bwana Seif akanivuta nyuma ya pazia la duka.

"Umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia sijui."

"Mteja haambiwi sijui, wewe. Sijui anayo nyumbani kwake, hakuhitaji kuifuata huku kwa baiskeli. Mwambie itamaliza, au mwambie haitamaliza. Ukikosea, atakuja kukutukana, na akija kukutukana amekuja dukani."

Nilicheka, naye hakucheka. Tangu siku hiyo sikumwambia mteja sijui.

Sasa nifike kwenye umeme wenyewe. Sisi tulikuwa mwisho wa laini. Mchana umeme ulitosha. Ikifika saa za kupika na kuwasha taa mji mzima, balbu ya bandani ilikuwa nyekundu kama kaa la moto linalokaribia kuzimika, na mshale wa chaja ulilala. Betri iliyowekwa alasiri ilikuwa karibu tupu vile vile mtu alipokuja kuichukua. Watu walianza kunung'unika. Mmoja alisema kwamba kwa Bwana Seif betri huenda kupumzika tu.

Mimi ndiye niliyetoa wazo. Nilimwambia Bwana Seif tuipeleke chaja Mbeya kwa fundi wa kusuka mota, aongeze mizunguko ya waya upande wa kutolea umeme, ili hata umeme ukiwa dhaifu, kinachotoka kwenda kwenye betri kiwe na nguvu. Tuliipandisha kwenye basi, tukalipa nauli yake kama abiria. Fundi wa Mbeya, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na siku umeme wenu ukiwa mzuri, je?"

Nikacheka. "Kyela?" nikasema.

Naye akacheka, akafanya kazi.

Bwana Seif hakupenda. Nilipomweleza lile swali la fundi, aliniamuru nitafute swichi ya njia mbili. Waya mpya ukaungwa upande mmoja na ule wa zamani upande mwingine. Akachukua rangi mwenyewe, akaweka nukta nyeupe upande wa zamani, nukta nyekundu upande mpya, kwenye swichi na ndani kwenye maungio ya waya. "Nyeupe mchana," akasema. "Nyekundu jioni, balbu ikiwa nyekundu. Hata mlevi atakumbuka." Kila siku mmoja wetu aliitazama balbu, akageuza swichi. Ilikuwa kazi ndogo kama kufunga dirisha. Watu wakaanza kusema betri za kwetu zinarudi na moto. Wakaipa jina, chaja ya jioni. Wengine walitoka Kasumulu wakapita mafundi wawili njiani kuja kwetu, na mimi nilitembea sokoni kama mwenye chaja.

Masika moja bati la banda lilivuja juu ya swichi, ikaungua. Mvua za kwetu mnazijua, zikianza haziombi ruhusa. Bwana Seif alikuwa kitandani mgonjwa. Foleni ilikuwa ndefu na balbu ilikuwa nyekundu. Nikakata waya za swichi, nikaunga moja kwa moja upande wa nukta nyekundu, nikazungusha utepe mweusi. Nilijiambia nitanunua swichi nyingine mvua ikikatika.

Bwana Seif hakuamka tena katika ule ugonjwa. Tulimzika, duka likaendelea na wanawe, wakaniachia banda niliendeshe. Sikununua swichi. Sikuamua kutonunua, mnielewe. Hakuna siku niliyokaa nikaamua. Utepe ulifunikwa na vumbi, vumbi likafunikwa na grisi, na mimi nikawa mtu mwenye chaja ambayo ina upande mmoja.

Baadaye umeme ukawa mzuri. Siwezi kusema ni lini hasa, kwa sababu kizuri hakigongi mlango. Kuna wakati niligundua tu kwamba balbu haiwi nyekundu tena jioni. Tulifurahi. Vijijini umeme ukafika, watu wa baiskeli wakapungua, na mahali pao yakaja magari, mengi, yale madogo yaliyotumika Japani, yakiwa na betri ambazo juu hazina vifuniko vya kufungua. Betri kavu, tunaita, ingawa si kavu. Mshale wa chaja yangu ulisimama juu kuliko zamani. Niliona ni dalili ya afya.

Jambo moja lilinisumbua. Mngurumo ulikuwa haupungui. Betri ingekaa kwenye chaja mpaka ipate joto, na chaja inanguruma vile vile, nzito, kama lori ambalo halifiki kileleni. Nikafikiri masikio yamezeeka. Nikaacha kusikiliza, nikaanza kukadiria kwa kutazama jua.

Na betri zikaanza kufa mapema. Hili kila mtu aliliona, nami nilikuwa na maelezo ya kila mtu. Kwa mwenye betri ya bei nafuu nilisema betri za siku hizi ni makopo. Kwa mwenye betri ya bei ghali nilisema amepigwa, ni bandia. Kwa watu wa kando ya ziwa nilisema ni unyevu, kwa wasafirishaji wa kokoa nilisema ni mtikisiko wa barabara, na kwa mwalimu mmoja asiye na safari nilisema gari lake linalala sana. Wote walinishukuru. Wengine walinunua betri mpya, wakaileta kwangu niijaze moto kabla ya kuitumia.

Atupele alikuja kutoka chuo cha ufundi, akaomba kufanya kazi nami. Alikuwa mtu mzima, ana mtoto, ana mita yake ya kidijitali ya kupimia umeme ndani ya soksi ya sufu. Nilimpenda kwa sababu aliosha terminali, vile vichwa vya betri, kwa maji ya moto bila kuambiwa. Mwanzoni kabisa aliniuliza, "Mzee, hii chaja uliwahi kuipima?"

"Mimi naipima kwa sikio."

"Nikiipima mimi kwa mita, utakasirika?"

"Sitakasirika," nilisema. "Ila uanze kwanza kupima uji wa mama yako kama una chumvi."

Alicheka kwa heshima, akarudisha mita kwenye soksi. Hakuuliza tena. Nimelifikiria sana hili. Mtu aliyelelewa vizuri hakulazimishi kuujua ukweli, na kwa hiyo malezi yake mazuri yalinigharimu, lakini hilo nalo siwezi kumlaumu yeye.

Macho yalipoanza kunisaliti, wana wa Bwana Seif wakauza eneo, nami nikaona wakati umefika. Atupele alipata banda lake kwenye barabara ya Kasumulu. Ndipo aliponiuliza lile swali la chaja ipi.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Niliipeleka betri ya zamani ya nyumbani kwangu, ile ninayowashia taa umeme ukikatika, ili tujaribu chaja mbele ya muuzaji. Nilitegemea kukuta maboksi ya kijani. Nikakuta vitu vidogo vya plastiki, vyepesi kama pakiti ya sukari, vimening'inia ukutani. Nilishika kimoja nikakipima mkononi.

"Shaba iko wapi humu?" nikamuuliza muuzaji, kijana wa watu mwenye ndevu nzuri.

"Haina shaba nyingi mzee, ni elektroniki."

Ilikuwa na vitufe na picha. Picha ya pikipiki nilielewa. Picha ya gari nilielewa. Kulikuwa na picha ya spana, na pembeni yake picha ya kitu kama ua lenye miiba sita.

"Hili ua ni la nini?"

"Hilo ni theluji. Ni ya mahali pa baridi."

"Tukuyu?"

"Zaidi ya Tukuyu, mzee."

"Na spana?"

Kijana aliigeuza, akaisoma nyuma. "Inatengeneza," alisema.

"Inatengeneza nini?"

"Betri."

"Na mimi nitatengeneza nini?" nikasema, na Atupele akatazama pembeni ili asicheke.

Tukaiunga kwenye betri yangu. Chaja ikafikiri kidogo, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Tukajaribu tena. Nyekundu. Tukaleta nyingine ya aina tofauti. Hiyo nayo, nyekundu. Nilisimama pale katikati ya duka, nimeshika vibanio viwili, sielewi. Maisha yangu yote sijaona chaja inayoikataa betri. Kazi ya chaja ni kuchaji. Ningeelewa kama imeungua. Hii ilikuwa nzima, imewaka, na imekataa, kama karani.

"Labda betri ndiyo mbovu, mzee," Atupele alisema polepole.

"Betri hii naichaji mwenyewe kila wiki," nikamjibu.

Kwa hiyo tulitoka bila kitu, na nje ya duka nikampa jibu langu. Nilimwambia asipoteze fedha kwa vitu vya theluji, achukue chaja ya jioni, nampa bure, imelisha watu na itamlisha. Alishukuru mara mbili. Watu wawili wakaibeba kama kawaida yake.

Sasa lazima mjue Atupele alikuwa amesimama wapi. Madereva wa teksi wa Kasumulu walikuwa wamekubaliana kupeleka betri zao zote kwa fundi mmoja, ili likitokea jambo wajue wa kumshika. Mwenyekiti wao, Baba Tupo, mteja wangu wa zamani, alipendekeza Atupele kwa sababu yangu. Wenzake hawakuwa na hakika na fundi mwanamke, wakasema mwenyekiti atangulie na betri yake, wao waangalie itakavyokuwa. Ikienda vizuri, kituo kizima chake. Ikienda vibaya, barabara ile ina watu wengi na maneno yangefika kila banda kabla ya chakula cha mchana. Banda lisilo na hicho kituo lisingemaliza mwaka.

Nilikwenda siku hiyo kushuhudia. Baba Tupo alileta betri kavu, nzuri, haina hata mwaka, imeshuka tu kwa sababu aliacha taa zikiwaka msibani. Atupele alitaka kukaa nayo karibu. Nilimwambia aende akale, niko hapa. Nilikaa kwenye kigoda nikisikia ule mngurumo wangu, nikazungumza na wapita njia. Nilipoweka kiganja ubavuni, nilikiondoa haraka. Ubavu haukuwa umenyooka tena. Ulikuwa umevimba.

Nilizima. Baba Tupo alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Mwagonile, tata," alinisalimu, kisha akaitazama betri yake. Alizunguka, akaitazama upande wa pili. "Fundi," akasema, "betri yangu ina mimba?"

Atupele aliingia, akaiona, akaweka bakuli chini. Hakunitazama. Alitoa mita kwenye soksi, akawasha chaja, akagusa vibanio. Akagusa tena. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe, na kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri, akasoma kwa sauti ya chini. Ilikuwa zaidi ya kumi na saba. Mnaojifunza mjue: betri ya gari ya volti kumi na mbili huchajiwa kwa kumi na nne na kitu, na ikipita kumi na tano inaanza kuchemka. Betri ya maji itachemka, utaona mapovu, utaongeza maji. Betri kavu inachemka umefungiwa nje.

"Haiwezekani," nikasema. "Labda mita."

Akaipima betri ya gari lake mwenyewe. Mita ilikuwa sawa.

Nikaomba bisibisi. Nikafungua nyuma ya boksi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu masika yale, nikafuta grisi kwa kidole. Utepe mweusi ulikuwapo. Na nukta mbili za rangi ya Bwana Seif, nyeupe na nyekundu, mpya kama zimepakwa juzi, kwa kuwa grisi ilikuwa imezitunza. Nikawaeleza palepale, wote wawili, habari ya balbu na swichi na mvua. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, nilielewa pia kwa nini mngurumo ulikuwa haupungui.

Baba Tupo alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ile betri yangu uliyosema ni bandia," akasema.

"Labda haikuwa bandia."

"Na ya kaka yangu, uliyosema barabara inatikisa?"

"Labda."

"Na ya mwalimu?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na ndipo nilipo mpaka leo. Kwa sababu zipo zilizokuwa bandia kweli. Unyevu wa ziwa upo. Barabara inatikisa. Na kuna miaka ambayo bila nukta nyekundu watu wa Njisi wasingesikia redio. Siwezi kuwatenganisha walionunua betri kwa kosa langu na walionunua kwa bahati yao mbaya. Ningeweza kuwaomba radhi wote, lakini wengine wangekuwa wanasamehe kitu ambacho sikukifanya, na wengine wamekwisha kufa. Wengine walikuja kuniaga nilipostaafu, wakaleta kuku.

Atupele alikata utepe, akaunga waya kwenye nukta nyeupe, akapima. Kumi na nne na kitu. Kazi nzima ilichukua muda wa kuchemsha chai. Chaja ilikuwa nzima miaka yote.

Kisha akaondoa betri kwenye gari lake mwenyewe, akaifunga kwenye teksi ya Baba Tupo. "Tembelea hii mpaka nikutafutie nyingine," akamwambia. "Ile imevimba bandani kwangu, kwa hiyo ni yangu." Hakunitaja. Nilitamani anitaje. Baba Tupo alisema wenzake watauliza, na yeye si mtu wa kuwadanganya. Akaondoka bila kupiga honi.

Tulirudi dukani siku iliyofuata. Safari hii niliuliza kama mtu asiyejua, na ni ajabu jinsi kijana yule alivyojua mengi mtu akiuliza hivyo, na pale alipokuwa hajui alipiga simu. Haya ndiyo niliyotoka nayo, nayaandika kwa ajili yenu. Angalia kwanza betri utakazoletewa, si chaja iliyo nzuri. Kama nyingi ni kavu, chukua inayojizima au kujipunguza yenyewe ikijaa. Nguvu yake iwe ya kiasi, karibu sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, maana chaja kubwa kupita kiasi ni mimi. Kile kitufe cha theluji hakihusu baridi peke yake, kinapandisha volti kidogo, na kwenye aina fulani ya betri kinatakiwa hata Kyela. Ipi, soma kwenye betri yenyewe. Bado sikielewi vizuri na nimekwisha kumwambia Atupele asinisikilize juu ya hicho. Na ikiwasha nyekundu, usiigombeze. Ile betri yangu ya nyumbani tuliipima hatimaye. Chumba kimoja kati ya sita vya ndani yake kilikuwa kimekufa. Niliichemsha mwenyewe, kila wiki, kwa upendo.

Baba Tupo alirudi. Hakuleta betri yake, alileta ya kaka yake, yule wa barabara kutikisa. Akasema kituo kimempa Atupele nafasi moja zaidi, na kwamba waliomtuma wanasubiri simu yake. Atupele aliiunga kwenye chaja mpya, akaenda ndani kumhudumia mtu mwingine. Nikabaki mimi na Baba Tupo na kile kipakiti cha sukari juu ya meza.

Aliinama akasikiliza. "Mbona hailii?"

"Hii hailii."

"Utajuaje sasa?"

Niliweka kiganja ubavuni mwa betri. Baridi. Taa ya kijani ikawaka, na nikaona hata taa ya kijani siijui, kama ni ya kujaa au ya kukata tamaa.

"Fundi," Baba Tupo alisema, simu mkononi, "imejaa au haijajaa?"

Nilimwona Bwana Seif akinivuta nyuma ya pazia. Nilikuwa na majibu mawili tayari mdomoni, yote mazuri.

"Sijui," nikasema. Kisha nikaita, "Atupele, mwanangu, njoo na mita."

Baba Tupo aliishusha simu. "Miaka yote hii," akasema, "ndiyo unaniambia leo."

Akavuta kigoda akakaa. Atupele alipokuja na kugusa terminali, Baba Tupo alikuwa ameshapiga simu kituoni. Nilimsikia akiwaambia, "Leteni. Ila mje na muda wa kukaa. Huku wanapima."